Kabla hujanunua hiyo saa ya mwezi Gikomba, mjue Kintaro Hattori

Jumamosi asubuhi umeshuka matatu, umezama Gikomba kutafuta shati la kuvaa kwenye mahojiano ya kazi. Unapita kwenye mkeka wa jamaa anayeuza mikanda, miwani na pochi, na macho yako yananasa saa moja nyembamba. Uso wake ni mweupe, mkanda wa ngozi umepasuka, na juu kidogo ya namba sita kuna kidirisha cha nusu duara. Ndani ya kidirisha hicho mwezi wa rangi ya dhahabu unachungulia kwenye anga ya buluu yenye nyota. Usoni kumeandikwa Quartz, na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, Japan. Mishale imesimama. Muuzaji anakuangalia, anakadiria viatu vyako kabla hajakutajia bei.

Usimjibu bado. Kuna mtu ambaye bila yeye saa hiyo pengine isingekuwa hapo mkekani, na maisha yake yalianzia mahali unapopajua vizuri sana: kwa mzee aliyekuwa akiuza vitu vilivyotumika na watu wengine.

Anaitwa Kintaro Hattori. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1860 katika mji ulioitwa Edo, ambao leo ni Tokyo. Baba yake, Kisaburo, alikuwa na kijiduka cha vitu kuukuu. Kwa lugha ya mtaa wetu, mzee alikuwa wa mitumba. Kintaro alikuwa mwanawe wa pekee, na alikua akiona vitu vilivyotupwa na mtu mmoja vikipanguswa vumbi, vikawekwa mbele na kupata mwenyewe mpya.

Sasa hebu tulia hapa kidogo, maana Japani ya wakati huo ilisoma saa kwa njia ambayo wewe Mswahili utaielewa haraka kuliko Mzungu. Siku haikuanza katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Mchana uligawanywa mafungu sita, usiku nao mafungu sita, na mipaka ilikuwa mapambazuko na machweo. Alfajiri ilikuwa sita na jioni pia ilikuwa sita, sawa na sisi ambao saa kumi na mbili yetu inakuja mara mbili, moja jua likichomoza na nyingine likizama. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima. Kule Japani mchana wa kiangazi ni mrefu na wa baridi ni mfupi, kwa hiyo fungu moja la wakati lilirefuka na kufupika kulingana na majira. Mafundi walilazimika kutengeneza saa za ajabu zilizorekebishwa kila mara ili zifuatane na jua.

Na mwezi? Mwezi ndio uliokuwa kalenda. Mwezi mpya ukiandama, tarehe inaanza moja. Ukimuuliza mtu leo tarehe ngapi, angeweza kutazama juu usiku na kukadiria. Ukiishi karibu na msikiti wowote Pumwani unalijua jambo hili, maana kila mwaka Ramadhani ikikaribia watu bado wanatoka nje kuutafuta mwezi.

Kintaro alipofika miaka 11 alipelekwa kufanya kazi kwenye duka la jumla lililouza bidhaa mbalimbali, huku akijifunza biashara. Usidhani ilikuwa kazi ya maana. Ni kufagia, kubeba, kutumwa huku na kule. Wewe uliyewahi kukaa dukani kwa mjomba wakati wa likizo unaijua hiyo kazi.

Lakini jirani na duka hilo kulikuwa na duka la saa, na kijana alikuwa na macho. Akagundua kitu ambacho watu wazima walikuwa wakikipita kila siku. Mvua ikinyesha, wateja walikosekana kotekote. Kwao, wafanyakazi walikaa tu wakipiga miayo. Kule kwa jirani, mafundi waliinamia meza zao wakirekebisha saa, na pesa zikaendelea kuingia hata kama hakuna mteja mlangoni. Duka la saa lilikuwa na mifuko miwili: mmoja wa kuuza na mwingine wa kutengeneza. Hapo ndipo mtoto wa muuza vitu kuukuu alipoamua maisha yake.

Wakati akiwa bado kijana mdogo, dunia yake ikageuzwa kwa amri moja. Serikali mpya ya Mfalme Meiji iliachana na kalenda ya mwezi na kuchukua ile ya jua inayotumiwa na nchi za Magharibi, kuanzia tarehe 1 Januari 1873. Mafungu yale ya kurefuka na kufupika nayo yakaondolewa, zikaja saa 24 zinazolingana. Kintaro alikuwa na miaka 12. Fikiria watu wazima wakilala katika mwezi wa 12 wa kalenda yao, na baada ya siku mbili tu za mwezi huo wanaamka wakiwa mwaka mpya. Zile saa za zamani zikageuka pambo la ukumbini. Ghafla nchi nzima ilihitaji saa za aina nyingine, na karibu zote zilikuwa zinatoka ng'ambo kwa meli.

Vijana wengi wangesikia habari hiyo na kulalamika tu. Kintaro alienda kujifunza ufundi. Akawa mwanagenzi kwenye duka moja la saa, kisha lingine, akifunzwa kufungua, kusafisha na kuunganisha upya. Mwaka wa 1877, akiwa na miaka 17 hivi, akatundika kibao nyumbani kwao kwamba hapa saa zinatengenezwa, huku bado akifanya kazi kwa mtu mwingine. Unaona? Kazi ya mchana na kahasla ka pembeni havikuanzia Umoja wala Kayole.

Mwaka wa 1881, akiingia miaka 21, akafungua duka lake mwenyewe. Usipige picha ya vioo na taa. Hakuwa na pesa za kuagiza saa mpya. Alichofanya ni kununua saa zilizotumika, zile zilizokwama na kuchakaa, anazifungua, anazitengeneza, anaziuza. Ujuzi wa baba wa kukiona kitu kizuri ndani ya takataka ukakutana na ujuzi wa mikono yake. Huo ndio mtaji aliokuwa nao.

Mambo yakaanza kuiva. Kisha, mwaka wa 1883, moto ukala duka.

Nikikwambia hivyo wewe wa Eastlands, sihitaji kukueleza zaidi. Gikomba imeungua mara ngapi? Unajua sura ya mtu anayesimama asubuhi mbele ya majivu ya kibanda chake, mkopo wa chama bado haujaisha. Hattori alisimama mahali hapo akiwa na miaka 22. Akahamia upande wa Ginza, akaanza tena.

Na hapa ndipo penye kiini cha hadithi nzima, kwa hiyo soma polepole. Saa mpya zote nzuri zilikuwa Yokohama, mji wa bandari, mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Wenyeji wengi waliokuwa wakichukua mali kwao walikuwa na mazoea ya zamani ya kulipa: subiri msimu uishe, subiri mwisho wa mwaka, na tarehe ikifika bado kuna maneno. Hakuna aliyeona ni makosa, maana ndivyo biashara ilivyokuwa ikifanywa.

Hattori akafanya jambo dogo tu. Akisema atalipa siku fulani, siku hiyo pesa ilifika. Si kesho yake. Wageni wale wakaanza kumtambua. Saa mpya zikishuka melini, wanamwonyesha yeye kwanza. Akitaka nyingi kuliko pesa alizonazo, wanampa, kwa sababu wanajua zitalipwa. Washindani wake walikuwa na maduka makubwa zaidi na majina ya zamani zaidi, lakini hawakuwa na kitu hicho. Kijana aliyeunguliwa na duka akawa na mali nzuri kuliko wao kwa sababu ya kuheshimu tarehe.

Najua unachofikiria. Unafikiria ile mikopo ya simu inayokutumia ujumbe alfajiri. Unamfikiria pia rafiki yako aliyekuazima elfu mbili mwezi wa nne, na siku hizi ukimwona mbele unavuka barabara. Sikuhubirii. Nakwambia tu kwamba mtu aliyejenga utajiri wake kwa kuuza wakati, alianza kwa kuheshimu wakati wa mtu mwingine.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1890, Hattori alikuwa mfanyabiashara anayejulikana. Angeweza kutosheka. Lakini kila saa aliyoiuza ilikuwa na jina la nchi nyingine. Mwaka wa 1892, akishirikiana na fundi hodari aliyeitwa Tsuruhiko Yoshikawa, alifungua karakana Tokyo na kuiita Seikosha. Jina hilo linabeba maana ya nyumba ya kazi safi, kazi ya ustadi. Walianza wakiwa watu wachache tu, wakitengeneza saa za ukutani. Kama umewahi kupita Kamukunji ukawaona mafundi wa jua kali wakigonga masufuria na majiko, umeiona roho ya siku zile za kwanza: mtu anatazama kitu kilichotoka ng'ambo, anasema hiki nacho mikono ya hapa inakiweza, kisha anakosea mara nyingi mpaka anakipata.

Saa ya ukutani ni kubwa, kosa dogo linasameheka. Saa ya mfukoni haisamehe. Mwaka wa 1895 Seikosha wakatoa saa yao ya kwanza ya mfukoni, na kwa miaka mingi kazi hiyo ya saa ndogo iliwatia hasara. Faida ya saa za ukutani na, kuanzia 1899, saa za kengele, ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo. Hattori hakuifunga. Alinunua mashine, akafundisha watu, akangoja. Miaka hiyohiyo ya 1890 alisimamisha mnara wa saa juu ya duka lake kwenye kona maarufu ya Ginza, ili hata mtu asiye na senti ya kununua saa aweze kuinua macho na kujua ni saa ngapi. Jengo lililopo hapo sasa lilimalizika mwaka wa 1932, na mnara wake bado unaonyesha wakati.

Mwaka wa 1913 wakatengeneza saa ya mkononi ya kwanza nchini Japani, wakaiita Laurel. Wakati huo wanaume wengi bado waliweka saa mfukoni, na saa ya mkononi ilionekana kama urembo wa kupita. Hattori alikuwa na tabia hiyo ya kutangulia watu kidogo kisha kuwasubiri. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na saa za kengele za Ujerumani zikakosekana sokoni, maagizo yakamjia kutoka Uingereza na Ufaransa. Mtoto wa mitumba sasa anawauzia wale waliokuwa wakimuuzia. Watu wakaanza kumwita mfalme wa saa wa Mashariki.

Kisha ikaja tarehe 1 Septemba 1923. Saa sita kasoro dakika mbili mchana, watu wengi wakiwa wamewasha moto wa kupika chakula cha mchana, ardhi ya Tokyo na Yokohama ikatikisika. Nyumba za mbao zikaanguka juu ya majiko. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko tetemeko lenyewe: moto ulioenea mji mzima. Zaidi ya watu 100,000 walikufa. Kiwanda cha Seikosha kikateketea.

Hattori alikuwa anakaribia miaka 63. Kila alichokijenga tangu ule moto wa 1883 kilikuwa jivu kwa mara ya pili. Na ndani ya jivu hilo kulikuwa na kitu kingine: saa za wateja zipatazo 1,500 zilizokuwa zimeletwa kutengenezwa. Hazikuwa mali yake. Ziliyeyuka.

Wewe umewahi kupeleka simu kwa fundi? Unarudi Jumanne, unaambiwa rudi Alhamisi. Alhamisi kibanda kimefungwa. Wiki inayofuata unaambiwa kulikuwa na wezi, au mvua iliingia, au kuna kijana aliondoka nayo. Unaondoka na simu ya kuazima, na hakuna pa kushtaki.

Sasa Hattori alikuwa na sababu bora kuliko zote hizo. Mji mzima umeungua. Hakuna hakimu ambaye angemlaumu, hakuna mteja ambaye angetarajia kitu. Watu walikuwa wakitafuta maiti za ndugu zao, nani angeuliza habari ya saa? Yeye akaweka tangazo magazetini, akiwaita wote walioacha saa zao kwake waje. Waliokuja walipewa saa mpya inayolingana na ile iliyopotea, bure. Mtu ambaye kiwanda chake kimeungua aligawa saa mpya.

Mimi hili ndilo linalonifanya nimwandike leo. Mengine yote, kiwanda, mnara, utajiri, wapo matajiri wengine waliofanya hivyo. Lakini kulipa deni ambalo moto umekufutia ni jambo jingine. Wanauchumi wanaweza kusema ilikuwa hesabu nzuri, kwamba kila saa aliyoitoa ilimnunulia mteja wa maisha. Inawezekana. Ila kumbuka ilifanywa na mtu yuleyule ambaye akiwa kijana masikini alikuwa akipeleka pesa Yokohama tarehe aliyosema. Pengine hakujua njia nyingine ya kuishi.

Mwaka uliofuata, Desemba 1924, kiwanda kikiwa kimeinuka tena, ikatoka saa ya mkononi yenye neno fupi usoni: Seiko. Jina hilo unalolijua, lililokaa kwenye mkono wa babu yako, lilizaliwa kwenye majivu hayo.

Mwaka wa 1930, akitimiza miaka 70, Hattori alitoa sehemu ya mali yake kuanzisha wakfu wa kusaidia utafiti wa sayansi. Alifariki tarehe 1 Machi 1934 akiwa na miaka 73. Hakuwahi kuona saa inayotumia betri kama hiyo unayoishika hapo Gikomba.

Basi imefikaje? Fuata uzi nami. Mwaka wa 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na kampuni aliyoiacha ndiyo iliyopima wakati rasmi. Katika mbio za mita 800, Mkenya Wilson Kiprugut alimaliza wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya, hata mwaka mmoja haujaisha tangu Uhuru. Ukiitazama namba hiyo tena, kumbuka ilipimwa na kampuni iliyoanzia kwenye kijiduka cha kijana aliyetengeneza saa kuukuu.

Miaka mitano baadaye, siku ya Krismasi 1969, Seiko wakatoa saa ya mkononi ya kwanza duniani ya kwatsi kuuzwa madukani. Kwatsi ni aina ya jiwe. Ukikata kipande chake kidogo na kukipitishia umeme wa betri, kinatetemeka kwa mwendo usiobadilika, na saa inahesabu mitetemo hiyo. Katika saa nyingi za leo ni mitetemo 32,768 kwa sekunde. Ile ya kwanza iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Lakini bei ikaporomoka haraka, viwanda vingi vya Uswisi vikafunga, na kufikia miaka ya 1980 Wajapani walikuwa wakitengeneza saa nyembamba za kuvalia suti kwa bei ambayo karani angeweza kuilipa. Baadhi wakaziwekea kidirisha cha mwezi. Mwezi uleule ambao serikali iliuondoa kwenye kalenda Kintaro akiwa na miaka 12 ukarudi kama pambo mkononi.

Hizo ndizo zinazotafutwa siku hizi na vijana wanaokusanya saa za zamani, na ndiyo sababu mkono wako umeganda hapo mkekani. Kwa hiyo turudi kwenye biashara.

Kwanza, saa iliyosimama si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ni betri, na betri ni pesa kidogo. Mwombe muuzaji au fundi wa karibu aifungue mgongo. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, betri ya zamani ilivuja na huenda imekula sakiti. Hapo punguza bei au iache. Pili, soma mgongoni. Seiko nyingi zina namba nne, kistari, kisha namba nne nyingine. Nne za kwanza ni za mashine, za pili ni za kasha. Mashine iliyo ndani ikiwa na namba tofauti na ile ya mgongoni, hiyo saa imeunganishwa kutoka kwa marehemu wawili. Kuna pia namba ndefu ya pekee: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka iliyotengenezwa, ya pili ni mwezi, na herufi O, N na D zinasimama badala ya Oktoba, Novemba na Desemba.

Tatu, mwezi wenyewe. Nyuma ya kidirisha kuna kisahani chenye miezi miwili iliyochorwa pande mbili, kinachozunguka polepole kwa gurudumu ambalo kwa kawaida lina meno 59. Kila siku jino moja. Miezi miwili kwa siku 59 ni sawa na siku 29 na nusu kwa kila mwezi. Mwezi halisi wa angani unachelewa kidogo zaidi, karibu dakika 44 kila mzunguko, kwa hiyo baada ya miaka miwili na nusu hivi saa yako itakuwa imekosea siku moja. Si mbaya kwa meno 59. Ila usiitumie kutangaza Idd, waache wanaoangalia anga waangalie.

Nne, usizungushe tarehe wala mwezi mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Wakati huo meno ya ndani yanakuwa yameshikana ili kubadilisha siku, na ukilazimisha utavunja kitu ambacho fundi hana cha kukibadilishia. Na kwa kuwa saa iliyosimama haikwambii kama ni mchana au usiku, zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke. Hapo ndipo saa sita ya usiku. Endelea mbele mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, kisha urekebishe mengine.

Na la mwisho, bei. Ongea na jamaa vizuri. Kama huna zote leo na amekubali akuwekee mpaka Jumamosi, basi Jumamosi ufike. Usimtumie kaka yako, usizime simu. Mtu anayekaa juani akiuza vitu vilivyotumika ana mtoto nyumbani anayetazama jinsi watu wanavyomtendea baba yake. Huwezi kujua mtoto huyo anapanga kuwa nani.

Ukishaipata, usiharakishe kuweka kile kidirisha. Ngoja mwezi mpevu. Panda juu ya paa la ploti yenu jioni hiyo, mwezi ukichomoza mkubwa na mwekundu upande wa Kayole, kisha uzungushe kisahani mpaka ule wa dhahabu ukae katikati kabisa. Baada ya hapo itaendelea yenyewe.